Kama kuvunja bondi kunakula nishati, ATP inaitoa wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kemia na biolojia, na kuna jambo linanichanganya. Kwenye kemia tumefundishwa kwamba kuvunja bondi siku zote kunahitaji nishati. Kwenye biolojia tunaambiwa bondi ya mwisho ya fosfati kwenye ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli) ikivunjwa, nishati hutoka. Nani yuko sahihi? Halafu, ikiwa mmenyuko unaofyonza joto unahitaji kupewa nishati, mbona amonia nitrati ukiitia majini inayeyuka yenyewe huku maji yakipoa? Na kwenye mtihani niandike lipi?

JIBU: Marahaba. Nitoe hukumu kwanza, sababu zifuate. Mwalimu wako wa kemia yuko sahihi, na kanuni yake haina ubaguzi. Atomu mbili hushikana kwa sababu zikiwa pamoja nishati yake iko chini kuliko zikiwa mbalimbali. Ukitaka kuzitenganisha, ni lazima uitoe wewe tofauti hiyo. Ingekuwa kuzitenganisha kunatoa nishati, zisingeshikana tangu awali. Sentensi ya biolojia imetokana na jambo la kweli, ila imefupishwa mno hadi ikapinda, na kwa bahati mbaya imenakiliwa kutoka kitabu hiki hadi kile kwa miaka mingi.

Tufanye hesabu, maana bila namba mjadala huu hauishi. Chukua hidrojeni inayoungua katika oksijeni. Kuvunja moli 1 (moli ni kipimo cha idadi ya chembe) ya bondi za H–H kunakula kilojouli 436. Kuvunja moli 1 ya bondi za oksijeni kunakula 498. Ukiunguza moli 2 za hidrojeni kwa moli 1 ya oksijeni, gharama ya kuvunja ni 872 jumlisha 498, yaani kilojouli 1,370. Mpaka hapo hujapata kitu, umetoa tu. Kisha zinaundwa moli 2 za mvuke wa maji, ambazo zina moli 4 za bondi za O–H, na kila moli ya bondi hizo hutoa takriban kilojouli 463 inapoundwa. Jumla 1,852. Ondoa 1,370, zinabaki 482, na hizo ndizo zinazotoka kama mwali na mshindo. Joto lote hilo limetokana na kuunda bondi mpya. Katika kuvunja zile za zamani hakukupatikana hata jouli moja.

Sasa geuza upande. Nitrojeni na oksijeni zikiungana kuwa nitriki oksidi, unalipa 945 kwa bondi ngumu ya nitrojeni na 498 kwa ya oksijeni, jumla 1,443. Moli 2 za bondi zinazoundwa zinarudisha 631 kila moja, jumla 1,262. Pengo ni kilojouli 181, na lazima litoke nje. Ndiyo maana gesi hizi mbili zimejaa hewani zikipishana bila kugusana kikemikali, isipokuwa pale penye joto kali mno, kama kwenye njia ya radi au ndani ya injini.

Kwa hiyo mmenyuko hutoa au hufyonza joto kulingana na tofauti kati ya mwanzo na mwisho wa hesabu nzima. Hakuna bondi moja unayoweza kuinyooshea kidole ukasema nishati imejificha humo.

Kuna jambo hapa ambalo hata waliosoma sana hulipita haraka. Tunazoea kusema chakula "kina nishati", kana kwamba imefungiwa ndani ya sukari au mafuta. Ukweli ni kwamba bondi za C–C na C–H zilizomo kwenye chakula ni imara vya kutosha. Aliye dhaifu katika mkutano huu ni oksijeni. Bondi yake ni ya jozi mbili za elektroni, lakini inavunjika kwa kilojouli 498 tu, wakati kila bondi ya jozi mbili kati ya kaboni na oksijeni ndani ya kaboni dayoksaidi ina nguvu ya kilojouli 800 hivi. Oksijeni inaacha mshiko legelege na kuingia kwenye mishiko mikali, na tofauti hiyo ndiyo sehemu kubwa ya joto tunaloisifia sukari. Glukosi moli 1, ambayo ni gramu 180, ikiungua yote hutoa joto la kilojouli zipatazo 2,805. Seli ikilazimika kuitumia glukosi hiyohiyo bila oksijeni, kama misuli inavyofanya ukikimbia kwa kasi sana, huvuna ATP 2 kwa kila molekuli badala ya 30 au 32. Sukari ni ileile. Kilichokosekana ni mwenzake.

Tukiwa na hayo, turudi kwenye ATP. Mmenyuko wenyewe ni huu: ATP pamoja na maji vinakuwa ADP (yaani ATP iliyopungukiwa fosfati moja) na fosfati. Hesabu bondi. Imevunjika moja kati ya fosforasi na oksijeni, na imevunjika moja ya O–H ya maji. Zimeundwa nyingine mbili za aina zilezile. Idadi na aina za bondi zimebaki palepale! Ukisema "bondi imevunjika, nishati ikatoka", umeeleza nusu ya tukio tu, na ni ile nusu ambayo haitoi kitu.

Nishati inatoka wapi basi? Sehemu ya kwanza ya jibu imo katika umbo la molekuli. Ndani ya seli ATP ina takriban chaji hasi 4 zilizobanana kwenye mkia mfupi wa fosfati 3, na chaji za aina moja husukumana. Fosfati ya mwisho ikiondoka, msukumano huo unapungua. Pia fosfati iliyo huru inaweza kuzitawanya elektroni zake kwa usawa zaidi juu ya oksijeni zake, na molekuli za maji zinaizingira na kuituliza vizuri kuliko ilivyokuwa imebanwa mkiani. Kwa maneno mengine, ADP na fosfati zikiwa mbalimbali ndani ya maji zinakaa kwa utulivu kuliko zikiwa zimeungana. Katika hali sanifu za maabara tofauti hiyo ni kilojouli 30.5 za nishati huru kwa moli. (Nishati huru nitaifafanua hivi punde; kwa sasa ielewe kama kiasi kinachoweza kufanya kazi.)

Karl Lohmann aliitenga ATP mwaka 1929, na Fritz Lipmann mwaka 1941 ndiye aliyeeneza wazo la "bondi ya fosfati yenye nishati nyingi", akiichora kwa alama ya kiwimbi ili kuitofautisha na bondi nyingine. Lipmann, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1953 pamoja na Hans Krebs, alikuwa na shabaha nzuri: alitaka kuonyesha jinsi seli inavyohamisha vikundi vya fosfati kutoka molekuli moja hadi nyingine. Kiwimbi chake ndicho kilichotuletea tabu. Wanafunzi walikiona wakadhani ni springi iliyokazwa, inayosubiri kuachiwa.

Isitoshe, ATP si bingwa. Fosfoenolipairuveti, ambayo hutokea njiani glukosi inapochakatwa, hutoa kilojouli 61.9 ikipoteza fosfati yake kwa maji. Kreatini fosfati ya kwenye misuli hutoa 43. Glukosi-6-fosfati hutoa 13.8 tu. ATP iko katikati, na mimi naona hapo ndipo ilipo thamani yake: inaweza kupokea fosfati kutoka kwa walio juu yake na kuwagawia walio chini. Ingekuwa ya juu kabisa, hakuna ambaye angeweza kuitengeneza kwa urahisi.

Sehemu ya pili ya jibu, ambayo mimi naipa uzito zaidi ya ile ya umbo, ni umbali kutoka kwenye msawazo, yaani hali ambayo mchanganyiko haubadiliki tena. Ukichanganya ATP, ADP, fosfati na maji ukawekamo kimeng'enya kinachoharakisha mmenyuko, ukaacha mpaka kila kitu kitulie, karibu ATP yote itakuwa imekwisha. Hapo kwenye msawazo, ATP kidogo iliyobaki haiwezi kufanya kazi yoyote. Bondi zake ni zilezile, chaji zake ni zilezile, mkia wake ni uleule, lakini nguvu yake ni sifuri. Jambo hili peke yake linatosha kuizika hoja ya nishati iliyofungiwa ndani ya bondi.

Seli hai inafanya kinyume. Inahakikisha ATP ni nyingi na ADP ni chache, hali iliyo mbali na msawazo kwa mara mamia ya milioni. Kwa sababu ya umbali huo, ndani ya seli mmenyuko wa ATP haulipi 30.5 bali karibu kilojouli 50 kwa moli. Kazi ya kupumua na kula, ukiitazama kwa jicho la kemia, ni kuzuia msawazo huo usifikiwe. Seli iliyofikia msawazo imekufa.

Sasa swali lako la pili, ambalo ni zuri kuliko la kwanza.

Uliposema mmenyuko unaofyonza joto "unahitaji kupewa nishati", kana kwamba hauwezi kwenda wenyewe, ulikuwa pamoja na watu wakubwa. Julius Thomsen wa Denmark na baada yake Marcellin Berthelot wa Ufaransa waliamini, katikati ya karne ya 19, kwamba mimenyuko inayokwenda yenyewe ni ile inayotoa joto. Kwa mimenyuko mingi ya kawaida walielekea kuwa sahihi, na ndiyo sababu kosa hilo lilidumu. Lakini mifano kama huo wako wa amonia nitrati iliwakwamisha. Josiah Willard Gibbs wa Marekani ndiye aliyeweka sawa jambo hili miaka ya 1870, kwa kuonyesha kwamba joto ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni entropi, yaani idadi ya namna ambazo chembe na nishati yake vinaweza kujipanga. Mabadiliko ya nishati huru ni mabadiliko ya joto ukiondoa zao la halijoto na mabadiliko ya entropi:

ΔG = ΔH − TΔS

Mmenyuko huenda wenyewe pale ΔG inapokuwa hasi. ΔH peke yake haina kauli ya mwisho.

Tuipime amonia nitrati. Moli 1 ikiyeyuka katika maji hufyonza karibu kilojouli 26 za joto. Joto hilo linachukuliwa kutoka kwenye maji yenyewe, ndipo yanapopoa, na kwa sababu hiyo chumvi hii huwekwa kwenye vifuko vya kupoza majeraha ya michezo. Lakini ioni zilizokuwa zimepangwa kwa nidhamu ndani ya fuwele sasa zimetawanyika majini, na katika halijoto ya nyuzi 25 za Selsiasi zao la halijoto na entropi ni kilojouli 32 hivi. Ukitoa 32 kwenye 26 unapata hasi 6. Kwa hiyo inayeyuka, na itaendelea kuyeyuka huku chombo kikitoa jasho kwa nje.

Wapo watakaokuambia kuyeyuka si mmenyuko kamili wa kikemikali. Sawa, wape huu: fuwele za haidroksidi ya bariamu yenye maji, zikichanganywa na kloridi ya amonia, hubadilika kuwa vitu vipya kabisa, gesi ya amonia ikiwemo, na mchanganyiko hupoa hadi chini ya nyuzi 0. Ukiweka chombo juu ya ubao uliolowa, ubao unagandana nacho. Vitu vigumu viwili vimezaa gesi na maji, na entropi imepanda sana. (Bariamu ni sumu, usilijaribu hili bila mwalimu.)

Halijoto nayo ina sauti katika hesabu hii. Mawe ya chokaa yakigawanyika kuwa chokaa na kaboni dayoksaidi hufyonza kilojouli 178 kwa moli. Katika nyuzi 25, entropi inachangia karibu 48 tu, kwa hiyo mlima wa mawe hayo unakaa karne na karne bila kubadilika. Pandisha halijoto hadi kupita nyuzi 830 hivi na mizani inageuka. Ndiyo maana tanuri la chokaa ni lazima liwe kali hivyo.

Kwa hiyo tuna maswali mawili tofauti, na mkanganyiko mwingi unatokana na kuyachanganya. La kwanza: mmenyuko unatoa joto au unafyonza joto? La pili: unatoa nishati huru au unafyonza nishati huru? Kwenye umetaboli, yaani mimenyuko yote ya ndani ya kiumbe hai, swali lenye uzito ni la pili. Glukosi yenyewe inaonyesha tofauti hiyo kwa namna inayoshangaza. Joto la kuungua kwake ni kilojouli 2,805, lakini nishati huru yake ni takriban 2,880. Kazi inayoweza kupatikana, kwa nadharia, ni kubwa kuliko joto linalotoka, kwa sababu mmenyuko huo pia unaongeza entropi.

Na ile mimenyuko inayofyonza nishati huru, inaendaje ndani ya seli? Kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kuifunganisha na mwingine unaotoa zaidi. Kuweka fosfati huru kwenye glukosi kunadai kilojouli 13.8 kwa moli, kwa hiyo hakuendi. Ukihamisha fosfati hiyo kutoka kwa ATP, jumla inakuwa hasi 16.7, na kunakwenda. Hapa nikuombe uangalifu. Usifikirie kwamba ATP kwanza inavunjwa na maji, nishati inatoka, halafu glukosi inaidaka. Ingekuwa hivyo, nishati ingeishia kuwa joto na glukosi ingebaki ilivyokuwa. Kimeng'enya kinazuia maji yasiingilie na kuhamisha fosfati moja kwa moja kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. ATP na glukosi hukutana katika tukio moja, na ndiyo sababu hesabu zao zinajumlishwa.

Njia ya pili haitajwi sana madarasani, nayo ni kuondoa mazao upesi. Hatua ya mwisho ya mzunguko wa Krebs (mfululizo wa mimenyuko ya seli unaochakata mabaki ya chakula), maleti inapogeuzwa kuwa oksaloasetati, ina nishati huru sanifu ya kilojouli 29.7 upande wa kupanda. Kwa namba hiyo tu ungeapa haiwezi kwenda. Lakini hatua inayofuata inainyakua oksaloasetati kila inapojitokeza, kiwango chake kinabaki kidogo mno, na hatua hiyo inavutwa mbele.

Usanisinuru ndio mfano mkubwa kuliko yote. Kutengeneza moli 1 ya glukosi kutoka kaboni dayoksaidi na maji kunadai zile kilojouli 2,880 zirudishwe. Mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 680 una kilojouli 176 kwa moli ya fotoni (chembe za mwanga), na mmea unahitaji angalau fotoni 8 kwa kila molekuli ya oksijeni inayotoka, yaani 48 kwa glukosi moja. Hizo ni karibu kilojouli 8,450. Theluthi moja inabaki kwenye tofauti kati ya sukari na oksijeni, theluthi mbili zinapotea kama joto, na hapo bado hatujahesabu hasara za mmea halisi.

Sehemu kubwa ya nishati ya glukosi nayo haimiminwi kwenye ATP moja kwa moja. Elektroni zake hushuka hatua kwa hatua kuelekea oksijeni, na mteremko huo hutumika kusukuma protoni nje ya utando wa ndani wa mitokondria, sehemu ya seli inakotengenezwa ATP nyingi. Protoni zikirudi kupitia kimeng'enya kinachozunguka, ADP na fosfati huunganishwa. Peter Mitchell alilipendekeza hilo mwaka 1961, akapingwa kwa miaka mingi, na mwaka 1978 akapewa Nobel. Kuna watu walitumia njia hii vibaya bila kuielewa: miaka ya 1930 dinitrofenoli iliuzwa kama dawa ya kupunguza uzito. Kemikali hii inapitisha protoni kwenye utando bila kupita kwenye kimeng'enya, hivyo mafuta yanaungua lakini ATP haitengenezwi, na nishati yote inakuwa joto. Watu walikufa kwa mwili kuchemka. Mafuta ya kahawia ya watoto wachanga hufanya jambo hilohilo kwa kipimo, kwa protini maalumu, ili kumpa mtoto joto.

Kuhusu wingi wa ATP, jaribu hesabu hii mwenyewe. Mtu anayetumia kilojouli 8,400 kwa siku, tuseme nusu yake inapita kwenye ATP kwa 50 kwa moli. Hizo ni moli 84, na moli 1 ya ATP ni gramu 507. Utapata zaidi ya kilo 42 kwa siku, ilhali mwilini kwa wakati wowote kuna chini ya robo kilo. Inatengenezwa na kutumika tena na tena, bila kuwekwa akiba. Ndiyo sababu siipendi picha ya ATP kama ghala.

Kasi ni habari nyingine kabisa. ΔG hasi haisemi mmenyuko utakwenda lini. Almasi kugeuka grafiti ni hasi kwa kilojouli 2.9, na hakuna pete iliyowahi kuharibika kwa sababu hiyo. ATP yenyewe hukaa majini muda mrefu bila kuguswa, mpaka kimeng'enya kikishushe kilima cha kuanzia. Kimeng'enya hakibadili ΔG hata kidogo.

Kwenye mtihani, katika kemia andika: kuvunja bondi hufyonza nishati, kuunda hutoa, na ΔH ni tofauti ya jumla hizo mbili. Katika biolojia usiandike "bondi ikivunjwa hutoa nishati". Andika: "haidrolisisi ya ATP kuwa ADP na fosfati hutoa nishati huru, kwa sababu mazao yake yana nishati huru ndogo kuliko ATP na maji." (Haidrolisisi ni kugawanywa kwa molekuli kwa kutumia maji.) Sentensi hiyo ni sahihi kwa walimu wote wawili, na msahihishaji mwenye mwongozo wa zamani bado ataona ndani yake maneno anayoyatafuta.